Swali Nililomuuliza Riziki Dirishani

Timbwani, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Mishi,

Salamu ndefu nimeziacha, kwa kuwa sasa hivi uko nyumba ya nne kutoka hapa, unamuaga Bi Mwanatumu, na kicheko chako nakisikia mpaka barazani. Utarudi na bakuli, najua. Amekuwa akikupa bakuli tangu ulipokuwa darasa la pili. Nataka niwe nimeandika lile la maana kabla hujaingia na bakuli hilo, maana nikikuona umelishika nitakosa maneno, kama nilivyoyakosa miaka yote hii.

Mambo ya safari mama yako ameshakuambia. Neti, shuka, viatu vya kusimamia zamu, mlango wa chumba na kufuli yake, yote ameyasema, na mengine ameyasema mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Langu mimi ni moja, nalo linamhusu Sista Kadzo.

Alhamisi ulitusomea ule ujumbe wa hospitali umesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Kwamba Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi uripoti mapokezi, kwa Sista Kadzo, msimamizi wa wauguzi wa hapo. Ukacheka, ukasema, "Baba, huko kote Taita, bosi wangu ni Mgiriama wa kwetu Pwani! Tutaelewana tu." Kisha ukasema umesikia aliwahi kufanya kazi Likoni. "Si enzi zako hizo? Hukumjua?"

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Wauguzi walikuwa wengi, mwanangu."

Ukaniona natoka jasho. Ukanishika mkono, ukahesabu mapigo ya moyo wangu ukiitazama saa ya ukutani, ukaniuliza kwa upole kama kifua kinauma, kama nimekula, kama ilishanitokea siku nyingine. Nilikujibu ni kiungulia. Maswali yako yalikuwa mazuri, Mishi. Uongo ulikuwa wangu.

Nilimjua Sista Kadzo. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, yeye chumbani, mimi dirishani, na kati yetu mlango mmoja wa mbao. Na yaliyompata, mpaka akaondoka Likoni akiwa na barua ya onyo kwenye faili lake, niliyaandika mimi kwa mkono wangu.

Nikuambie kwanza nilikuwa nani, maana wewe ulikua ukiambiwa jambo jingine. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako shuleni kwamba baba yako ni daktari. Mwalimu wako aliponiuliza nilicheka tu, sikumsahihisha. Barabarani watu walikuwa wakiniita "Daktari Juma", nami nikiitika. Nilikuwa karani, mwanangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kuandikisha wagonjwa katika zahanati. Mgonjwa alikuja na kitabu chake cha matibabu, daftari dogo la shule, akakiweka juu ya ubao wa dirisha. Mimi nilimuuliza jina, umri, anakotoka na anaumwa nini. Kisha nikaamua: kitabu kiende kwa sista mara moja, au kikae kwenye foleni. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Lakini ukikaa na kazi ya kuamua nani aingie kwanza, baada ya muda unaanza kujiona wewe ndiye unayetibu.

Na nilikuwa mtu wa utaratibu, unanijua. Asubuhi niliandika kwa penseli kwenye karatasi ya mkono, haraka haraka, maana watu ni wengi. Mchana, dirisha likifungwa, nilinakili kila kitu kwenye rejista kwa wino, mwandiko wa kunyooka, mistari ya rula. Karatasi ya penseli nikaitupa. Wakaguzi walikuwa wakiipenda rejista yangu. Mmoja aliwahi kuipitishia mkono juu kama mtu anayepapasa kitambaa. Mimi nilijivuna kwa hilo zaidi ya nilivyojivunia mtu yeyote aliyepona.

Sista Kadzo alipokuja alikuwa hajafika miaka thelathini. Mwembamba, anatembea upesi, haongei sana. Wiki yake ya pili aliniambia, mbele ya mfagizi, "Bwana Juma, mwanamke akija na tumbo au kizunguzungu, usimhoji hapo dirishani. Nigongee mlango, niletee mwenyewe."

Ilikuwa Ramadhani. Siku zile wanawake watatu walikuwa wamekuja na kizunguzungu, na wote walikuwa na njaa tu. Nikamwambia, "Sista, hawa wamefunga."

"Hata kama wamefunga."

"Wewe mambo ya Ramadhani huyajui. Niachie mimi watu wangu."

Alinitazama. Hakukasirika. Akasema, "Sawa, watu wako. Lakini wakianguka, wataniangukia mimi."

Niliyahesabu maneno yale kuwa ni kiburi cha msichana. Mtoto wa kuja, Mkristo wa Kigiriama, ananifundisha mimi Mdigo wa Timbwani namna ya kuzungumza na wanawake wa Timbwani! Mama yako nilimhadithia jioni ile tukifuturu, na nilimwiga sauti yake. Wewe ulicheka, ukaniomba nimwige tena.

Riziki alikuja katika wiki ya pili ya mfungo, Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Humkumbuki vizuri, lakini alikusuka nywele siku nyingi tu. Ni binti pekee wa Bi Mwanatumu. Mumewe alikuwa akifanya kazi Malindi, anarudi mara moja kwa mwezi. Alikuja na mamake, wamejitanda, akashika ubao wa dirisha kwa mikono miwili. Nyuma yao benchi lilikuwa limejaa, wanaume kwa wanawake, na nusu yao ni watu wa mtaa huu.

"Shikamoo, Bwana Juma."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Ndivyo tunavyojibu sote. Hata aliyebebwa hujibu hivyo kwanza. Bi Mwanatumu ndiye aliyesema, "Hebu mtazame mwenzio, Bwana Juma. Tangu alfajiri hajiwezi. Tumbo, kizunguzungu, na bega, ati bega nalo lauma."

Mimi nikauliza, kwa sauti yangu ya dirishani, ile ya kumfanya hata wa mwisho kwenye benchi asikie: "Umefunga?"

Mishi, wewe ni mwanamke, hili huhitaji kufundishwa. Mwanamke akiwa na damu hafungi, na kwetu hamwambii mtu. Atakaa na wenzake mchana kutwa, akitaka maji atayanywa kwa kujificha chooni. Hakuna mwanamke wa Timbwani ambaye angeulizwa swali lile na mwanamume, mbele ya majirani na mzee wa msikiti, akajibu kitu kingine zaidi ya kile alichojibu Riziki.

"Nimefunga."

"Basi ni saumu hiyo, Bi Mwanatumu. Jua la mwaka huu si mchezo."

Mzee mmoja kwenye benchi akadakia, "Daktari, na mimi niandikie saumu, mke wangu aache kunituma sokoni!" Benchi zima likacheka. Mimi nikacheka. Riziki naye akacheka, akavuta mtandio akaziba mdomo. Hicho kicheko chake ndicho ninachokisikia, si kilio cha mamake. Alicheka ili asituharibie mzaha wetu.

Nikaandika kwa penseli: tumbo, kizunguzungu, amefunga. Na kwenye safu ya anakokwenda nikaandika neno moja: asubiri. Nikakiweka kitabu chake chini ya vingine. Nikamwambia mamake, "Kaeni, mtaitwa." Mlango wa Sista Kadzo ulikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Alikaa pale mpaka saa sita kasoro. Ndani, Sista alikuwa peke yake na watoto wa chanjo, kelele tupu. Mimi nilimwona Riziki akiinamisha kichwa kwenye paja la mamake, nikasema moyoni, saumu ya mtoto huyu dhaifu. Alipoteleza kutoka kwenye benchi, Sista alitoka mbio kabla sijasimama. Alimvuta ukope wa chini, akamgusa tumbo, akanitazama kutoka pale chini sakafuni. "Amefika saa ngapi?" Akasema mimba imeshika nje ya mfuko wa uzazi na damu inamwagikia ndani. Umelisoma hilo, unalijua jina lake. Gari lilipatikana, feri ikawapisha, lakini alikata roho kabla hawajafika ng'ambo.

Mchana ule dirisha lilifungwa kama kawaida, na mimi nilikaa kunakili rejista kama kawaida. Nikafika kwenye jina lake. Jina nikaliandika, umri nikauandika, saa mbili na robo nikaiandika. Nilipofika kwenye neno "asubiri" mkono ukasimama. Kisha nikaandika: kwa sista, moja kwa moja.

Sikuhangaika. Nimetafuta sana ndani yangu kumbukumbu ya kuhangaika, sijaipata. Herufi zilitoka zimenyooka. Nikaikunja karatasi ya penseli, nikaitia kwenye jaa la moto lililokuwa nyuma ya zahanati.

Kesho yake mama yako alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Aliporudi alikaa hapa barazani bila kuvua buibui. Akaniambia, "Baba Mishi, yule mtoto alikuwa na damu siku kadhaa. Tumekuta vitambaa vimefichwa chini ya kitanda. Hata mamake hakujua. Na kufunga hakufunga, alikuwa akijifanya." Halafu akasema, bila kujua anasema na nani, "Angepata mwanamke wa kumuuliza kando kidogo tu, angesema."

Kwa hiyo nilijua. Usije ukadhani baba yako alidanganya kwa kutoelewa. Siku saba baadaye, kamati ya zahanati ilipokaa na afisa kutoka ofisi ya afya, nilikuwa najua kila kitu: kwamba Sista alinionya, kwa nini alinionya, na kwamba alikuwa na haki.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, chumba kile cha chanjo. Afisa aliifungua rejista yangu. Akafungua na daftari la Sista, ambalo siku ile liliandikwa kwa haraka, mistari imepandana, kurasa mbili zimelowa. Akauliza, "Sista, hapa pameandikwa mgonjwa aliletwa kwako saa mbili na robo. Alikaa kwako zaidi ya saa tatu?"

"Sikuletewa. Kitabu chake sikukiona."

"Rejista inasema aliletwa."

Sista Kadzo akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Bwana Juma. Sema."

Bi Mwanatumu alikuwa amekaa karibu na mlango, macho yamevimba. Mzee wa msikiti alikuwepo. Mwenyekiti wa kamati tulisoma naye chuo cha Kurani. Wote walikuwa watu wangu. Na yule aliyenigeukia hakuwa na mtu wake hata mmoja mle ndani.

Nikasema, "Ni kama rejista ilivyo."

Maneno manne. Afisa akaifunga rejista, tena kwa heshima. Mwandiko wangu ndio uliotoa ushahidi wa uongo dhidi ya Sista. Aliandikiwa onyo, akahamishwa mbali, na siku aliyoondoka hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilibaki dirishani hadi nilipostaafu, na watu wakazidi kuniita Daktari.

Sasa lile bakuli. Bi Mwanatumu aliamini kwamba kitabu cha binti yake nilikipeleka ndani, na kwamba mimi ndiye niliyejitahidi. Wakati wa matanga alinishika mikono, akasema, "Wewe Mungu akulipe, ulifanya lako. Yule msichana ndiye." Ramadhani iliyofuata alituletea mkate wa sinia ndani ya bakuli. Na iliyofuata. Na Idi zote. Uliumega wewe kwanza kila mara kwa sababu ulikuwa mdogo, na mimi nilikaa kwenye jamvi lile lile nikautia mdomoni. Nimekula chakula cha mkono wa mama wa marehemu miaka yote hii, kama shukrani.

Jumatano wiki iliyopita, kabla hata ya ujumbe wako, nilifungua shajara yangu ya mwaka ule. Unajua naandika kila siku, na kwamba hakuna anayeisoma. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga, kwamba labda yule mtu niliyekuwa zamani aliandika kweli mahali fulani, hata kama ni kwenye daftari la siri. Nimekuta mstari mmoja: "Riziki wa Bi Mwanatumu amefariki. Sista alichelewa kumwona." Nilijidanganya hata mimi mwenyewe, chumbani kwangu, mlango umefungwa, na tarehe juu.

Ndiyo maana siwezi kukupa ushauri kama mzazi aliyefaulu. Naweza kukuonyesha tu mahali nilipoanguka, ili ukifika hapo upatambue.

Watakuambia kazi ya mapokezi ni ndogo. Presha, joto, uzito, jina, nenda kaketi. Lakini mtu anapofika mbele yako, ameshapanga njiani atakachosema na atakachoficha, na mara nyingi anaficha kwa adabu tu, kwa kuwaheshimu waliokaa nyuma yake. Ukimuuliza pasipofaa, atakupa jibu linalofaa mahali hapo. Sauti yako ishuke. Toka nyuma ya meza ikibidi. Waliokuja naye waombe wakae mbali kidogo, hata akiwa mama mzazi. Ukimwona anacheka huku ameshika meza, usicheke naye.

Na ogopa kujua mapema. Mimi niliwajua mno watu wangu. Nilijua nani mvivu, nani anapenda dawa, nani amegombana na mumewe, nani amefunga. Huko unakokwenda utakuwa mgeni, utakosea salamu zao, watakucheka. Vumilia ugeni huo, usiharakishe kuuvua. Sista Kadzo alikuwa mgeni hapa, na ndiye pekee aliyeona.

Kuna jingine, hili linanichoma zaidi nikiliandika. Kosa la asubuhi ile lilikuwa kosa. Karani mwingine angeweza kulifanya, muuguzi pia, hata wewe siku moja utalifanya, uwe umechoka, foleni ndefu, na mtu atadhurika. Lakini kati ya adhuhuri na saa nane mchana nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi ya penseli mbele yangu. Hapo sikuwa nimechoka wala sikuwa na foleni. Ukikosea, mwanangu, sema siku ile ile, kabla hujala chakula. Nilichelewa siku moja, ikawa wiki, na baada ya wiki nikawa na ushahidi nilioutoa kwa mdomo wangu, ambao ilibidi niulinde. Nimeulinda mpaka wewe umekuwa mtu mzima.

Alhamisi usiku nilimwambia mama yako. Yote. Akawa anakunja nguo zako zilizokuwa zimeshakunjwa. Kisha akasema, "Mtoto asiende kuambiwa na watu wa kazini. Mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kupunguza." Tangu hapo ananipa chakula, lakini hakai kula nami. Usimuulize. Ana haki.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda nyuma ya msikiti penye kivuli, nikapiga ile namba iliyokuwa kwenye ujumbe wako. Alipokea mwenyewe.

"Mapokezi."

"Sista, ni Juma. Juma wa dirishani, Likoni."

Nilisikia mtoto analia kwake, na mtu anaitwa jina. Nikadhani amekata.

"Bwana Juma," akasema. "Umenipigia kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo."

"Kama si mtoto, usingenipigia."

Nilitaka kusema ningepiga siku moja. "Nisingekupigia," nikasema.

"Angalau hilo umesema kweli." Akavuta pumzi. "Nilipoona jina la baba kwenye fomu nilijua ni wako. Maksi zake nzuri. Na kwenye usaili, asijue mimi ni nani, alimuuliza mgonjwa swali halafu akanyamaza akamngoja. Wengi hawangoji. Nikampitisha. Sikumpitisha kwa ajili yako, wala nisingemkataa kwa ajili yako. Umenisikia?"

"Nimesikia. Sista, naomba unisamehe."

"Niko kazini, Bwana Juma. Nina watu wamekaa hapa."

"Nije basi? Nije na mtoto Jumatatu, nikuombe ana kwa ana?"

"Usije!" Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Siku yake ya kwanza watu waje wamtazame baba yake analia langoni? Muache mtoto aje na mguu wake." Kisha akashusha. "Unayepaswa kumwomba msamaha si mimi peke yangu. Mimi nilihamishwa, nikalia, nikapata kazi nyingine. Yule mama bado anaamini nilimwacha bintiye afe nikiwa naye chumbani. Miaka yote hii nimekaa mdomoni mwa yule mama hivyo. Nenda kwake. Halafu waandikie waliokaa mle ndani. Ukimaliza, ndipo unipigie, na sikuahidi nitapokea."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, watu wananipita wananisalimu, "Daktari, kwema?" nami nikiitika kwema.

Nakuomba jambo moja, na si ombi la mzazi kwa mtoto, ni la mtu aliyekosa. Usimfanyie kazi Sista Kadzo ili kunilipia. Usichukue zamu za watu, usimbebee mkoba, usinyamaze akikuonea, maana anaweza siku moja akakuonea kama bosi yeyote. Na akikusifu, usidhani amenisamehe mimi. Wewe nenda kama Mishi. Kilicho changu kiache hapa Likoni, ndipo kilipo.

Nimeshaiandika barua ya ofisi ya afya. Nimeitaja saa, nimelitaja lile neno la penseli, nimetaja kwamba nilionywa. Nimeiandika mara moja tu, haikunakiliwa, ina maneno yaliyokatwakatwa. Wa kamati waliobaki hai ni watatu, kila mmoja ana barua yake kwenye bahasha. Hizo ni rahisi. Ngumu iko nyumba ya nne, na sasa hivi imekukumbatia, inakuombea dua.

Nilifikiri kwenda leo leo, niwakute mkiwa pamoja. Nimeogopa, na pia nimeona si haki: ungelazimika kuutazama uso wake mbele yangu, bila pa kukimbilia. Utaondoka kesho asubuhi na basi la kwanza. Ukinisoma usiku huu, kesho una hiari ya kunipa mkono au kutonipa. Nitakuwa barazani. Ukipita bila kusema, sitakuita.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, utakapokuwa unaripoti kwako, mimi nitakuwa nabisha hodi kwa Bi Mwanatumu. Sijui atanifukuza au ataanguka. Sijui mtaa huu utaniitaje baada ya hapo, wala kama mama yako ataweza kwenda kisimani bila kusemwa. Habari itafika kwako, maana Likoni haina siri ikishatoka. Mtu atakupigia simu, labda uko katikati ya wagonjwa, akuulize kwa haraka kama umesikia aliyoyafanya baba yako.

Mwambie umesikia. Mwambie alikuambia mwenyewe.

Nakusikia unafunga mlango wa Bi Mwanatumu.

Baba yako,
Juma